Fedha za utafiti: watafiti wa mikoani waandike kabla ya tangazo

Ndugu Mhariri,

Barua zinazohusu fedha za utafiti katika magazeti yetu huwa na lalamiko moja: kwamba fedha za Serikali zinaishia Dar es Salaam, na mtafiti aliyeko kwenye vituo vya mikoani kama Tumbi, Naliendele, Mabuki au Kihinga hana mjomba wa kumshika mkono. Lalamiko hilo lina ukweli wake na nitalirudia. Lakini maandiko mengi ya kuomba fedha yanayotoka mikoani hayafiki hata mahali ambapo mjomba angeweza kusaidia. Yanaanguka kwenye ukaguzi wa awali, kabla mtaalamu wa fani hajayafungua. Barua ya taasisi haipo, bajeti haijumlishiki, kibali cha maadili hakijaombwa, ratiba inamtaka mkulima apande mtama mwezi Juni. Makosa haya yana chanzo kimoja, nacho ni kuanza kuandika siku tangazo linapotoka.

Kwanza, fedha zenyewe ziko wapi. Mlango unaojulikana zaidi ni Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, unaosimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986. Fedha hizi hushindaniwa. Tume hutoa wito wa maandiko wenye mada zake, masharti yake, kiwango cha juu cha fedha na tarehe ya mwisho, na maombi hupelekwa kwa mtandao. Nje ya wito hakuna dirisha, na barua ya kuomba msaada wa utafiti inayopelekwa kwa mkono ofisini kwa Tume, Kijitonyama, haina pa kuwekwa. Kupitia ushirikiano wa mabaraza ya sayansi ya Afrika ulioanza mwaka 2015, COSTECH pia hutoa miito ya pamoja na mabaraza ya nchi nyingine. Huko utahitaji mwenza upande wa pili wa mpaka, na mwenza hapatikani kwa wiki tatu kama hamjawahi hata kuandikiana.

Mlango wa pili hausemwi sana, ingawa kwa mtumishi wa kituo cha utafiti ndio ulio karibu. Ni bajeti ya taasisi yake mwenyewe. TARI ya kilimo, TALIRI ya mifugo, TAFIRI ya uvuvi, TAFORI ya misitu, TAWIRI ya wanyamapori na NIMR ya magonjwa ya binadamu, zote hupanga shughuli zao kupitia wizara zao. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bunge hupitisha bajeti kati ya Aprili na Juni, na vituo huandaa makisio yao miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo anayetaka jaribio lake liwemo kwenye mwaka unaoanza Julai alifikishe kwa mkuu wa kituo kufikia Novemba iliyotangulia, likiwa na jina la shughuli, gharama na matokeo yanayopimika. Anayekumbuka mwezi wa Mei ataambiwa, kwa haki kabisa, asubiri mwaka kesho.

Vyuo vikuu navyo, kama SUA na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hutenga sehemu ya mapato yao ya ndani kwa tafiti za wahadhiri wao. Kiasi si kikubwa, ila kwa mtafiti kijana ndiyo njia nzuri ya kupata takwimu za mwanzo, na andiko lenye takwimu za mwanzo hushinda andiko lenye matumaini. Kwenye mazao yenye wadau waliojipanga, mazungumzo na bodi ya zao husika hayapotei bure. Kahawa ina taasisi yake, TaCRI, pale Lyamungu. Mbunifu asiye na chuo wala kituo, yule fundi aliyetengeneza mashine ya kukamua alizeti nyuma ya nyumba, asihangaike na maandiko ya kurasa 20. Mlango wake ni MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, ambayo yana kundi la mfumo usio rasmi.

Sasa andiko lenyewe. Anayeomba fedha za utafiti za Serikali ni taasisi. Mtafiti mkuu ni mtumishi wake, na fedha zikitoka huingia kwenye akaunti ya taasisi chini ya afisa masuuli wake, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha zake. Afisa kilimo wa halmashauri, mganga wa kituo cha afya au mwalimu wa sekondari mwenye swali zuri la utafiti asiombe peke yake, atafute kituo au chuo kilicho karibu na aingie kama mtafiti mwenza. Aende na kitu mkononi, andiko dhana la kurasa 2: tatizo, ushahidi kwamba lipo, swali, njia ya kulijibu, watu, na gharama ya jumla. Mkuu wa kituo anasoma kurasa 2 akiwa amesimama. Kurasa 30 ataziweka kando hadi apate nafasi, na nafasi haipatikani.

Kwenye ushahidi wa tatizo ndipo mtu wa mkoani anapomzidi mwenzake wa mjini, na ndipo anapoitupa faida yake. Badala ya kuonyesha tatizo la wilaya yake, ananakili aya kutoka ripoti za kimataifa kuhusu njaa barani Afrika. Mpitiaji, yaani mtaalamu anayepima maandiko, ameshazisoma aya hizo mara mia. Asichokijua ni yaliyomo kwenye vitabu vya MTUHA (kumbukumbu za huduma za afya) vya zahanati tatu za kata moja kwa miaka mitano, au rejesta ya mapokezi ya korosho ya chama cha msingi inayoonyesha daraja la pili likiongezeka kila msimu wenye mvua za kuchelewa, au kilo za dagaa zilizoandikwa kila alfajiri na afisa uvuvi wa mwalo. Hayo yako umbali wa safari moja ya pikipiki. Jedwali moja la takwimu za namna hiyo, zilizopatikana kwa ruhusa na kutajwa chanzo chake, lina uzito kuliko kurasa tatu za nukuu.

Andiko pia lioane na vipaumbele vilivyotajwa kwenye wito. Soma vipaumbele vya taifa vya utafiti vya COSTECH, kisha utaje kwa jina kipengele unachokijibu. Dira ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 2025, na utekelezaji wake ulipangwa kuanza Julai 2026. Andiko linalojisimamisha kwenye Dira 2025 peke yake linaonekana mara moja kuwa limetolewa kabatini likabadilishwa tarehe.

Ukubwa wa sampuli ni shimo jingine. "Kaya 100 zitachaguliwa" si hesabu, na mpitiaji atauliza kwa nini si 80 au 250. Kwa dodoso la kawaida wengi hutumia kanuni ya Yamane: idadi ya kaya zote, gawanya kwa moja ukijumlisha idadi hiyo mara kosa linalokubalika likizidishwa lenyewe kwa lenyewe. Kata ina kaya 1,200 na kosa unalokubali ni asilimia 5: 1,200 mara 0.0025 ni 3, ongeza 1 ni 4, na 1,200 gawa kwa 4 ni kaya 300. Wapo watakaokataa kuhojiwa na watakaokuwa wamehama, hivyo ukitarajia kukosa asilimia 10 gawa 300 kwa 0.9, upate 334. Kanuni hii ina mipaka yake. Ukichagua vijiji vichache kwanza ndipo kaya ndani yake, watu wa kijiji kimoja hufanana na sampuli lazima iongezwe, na hapo mwone mtakwimu kabla ya kupeleka andiko, maana baada ya kurudishiwa hana cha kuokoa.

Jaribio la shambani lina hesabu yake. Chukua aina 6 za mtama kwa marudio 3: ploti 18. Ploti ikiwa mita 4 kwa 5, na njia ya mita 1 kati ya ploti, rudio moja lina urefu wa mita 29. Marudio matatu yenye nafasi ya mita 2 katikati yanachukua upana wa mita 19. Ukizungusha ukanda wa kinga wa mita 2, unapata mita 33 kwa 23, yaani mita za mraba 759. Robo eka inatosha na kubaki. Andiko linaloomba kukodi eka 3 kwa jaribio hili linampa mpitiaji sababu ya kushuku na bajeti yote. Wakati huohuo mwandishi huyohuyo amesahau ndege. Mtama ukianza kujaza punje, kwelea kwelea hawaulizi ni ploti ya utafiti au ya mkulima. Wanahitajika waamiaji wawili kuanzia alfajiri hadi magharibi kwa wiki 5 hadi 6, siku zote, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Bila fungu hilo ploti za aina zinazowahi kukomaa huliwa kwanza, kwa kuwa ndizo zenye punje laini wakati nyingine bado, na ripoti itasema aina zinazowahi zina mavuno hafifu. Jaribio litakuwa limepima hamu ya ndege.

Nikae kidogo kwenye ratiba, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi za utafiti wa kilimo hupotelea. Mwaka wa fedha na mwaka wa mvua havijawahi kuafikiana. Mtwara, Tabora, Dodoma na Mbeya zina msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kagera, Tanga na Kilimanjaro wana vuli na masika. Tuseme wito ulitoka Agosti, maandiko yakapitiwa, mkataba ukasainiwa Januari na fedha zikaingia Februari. Kwa mtafiti wa Dodoma msimu umekwisha kabla hajanunua mbegu. Mradi wa miaka miwili uliohitaji misimu miwili umebaki na mmoja. Matokeo ya msimu mmoja hayachapishiki kwa urahisi, na ombi la kuongezewa muda linakwenda likiwa limechelewa tayari.

Dawa yake ni kuandika ratiba kwa miezi ya mradi badala ya miezi ya kalenda, yaani mwezi wa 1, wa 2, wa 3 tangu fedha kuingia, kisha kuweka aya fupi yenye njia mbili: fedha zikiingia kabla ya Oktoba tutaanza hivi, zikiingia baada ya Desemba tutaanza vile. Kazi za kiangazi ziwekwe mbele kwenye njia ya pili: dodoso la awali, vibali, ununuzi, uchukuaji wa udongo. Udongo wenyewe uelezwe kwa vipimo. Kwa shamba moja chota sehemu 10 hadi 15 kwa kuzungukazunguka shamba zima, kina cha sentimita 0 hadi 20, na kama zao lina mizizi mirefu chukua pia 20 hadi 40 kwenye mfuko tofauti. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki (ya bati huharibu vipimo vya zinki), punguza hadi nusu kilo, anika kivulini, andika lebo mbili, moja ndani ya mfuko na moja nje. Maabara utakayotumia, kwa mfano ya TARI Mlingano, iulizwe bei na muda wa kusubiri kabla ya kuandika bajeti.

Na bajeti sasa. Mpitiaji hutazama kama kila shilingi imetoka kwenye shughuli fulani. "Kazi ya shambani, milioni 15" hukatwa, mara nyingi nusu, kwa sababu hakuna namna ya kujua nusu ipi ni halali. Rudi kwenye zile kaya 334. Wadadisi 4, kila mmoja kaya 5 kwa siku, ni kaya 20. 334 gawa kwa 20 ni siku 17. Ongeza siku 1 ya kujaribu dodoso na siku 2 za mafunzo, jumla 20. Watu ni wadadisi 4, msimamizi 1 na dereva 1: sita mara 20 ni siku-mtu 120. Gari litazunguka kilomita 120 kwa siku kwa siku 18 za uwandani, yaani kilomita 2,160, na gari kongwe la kituo likila lita moja kwa kilomita 6, ni lita 360, mbali na safari ya kutoka kituoni na kurudi. Zidisha kwa viwango vya posho vya Serikali vinavyotumika na bei ya mafuta ya mkoa wako ya mwezi huo. Bajeti ya namna hii hata ikipunguzwa, itapunguzwa kwa mazungumzo: punguza kaya, au punguza wadadisi, uone siku zinavyoongezeka.

Hapa pia mtu wa mkoani ana nafuu asiyoiandika. Mdadisi anayeishi katani halali nje, hivyo halipwi posho ya kujikimu ya kulala, analipwa ujira wa siku. Mtafiti wa Tumbi anayekwenda Urambo anaweza kurudi jioni. Linganisha na timu inayotoka Dar es Salaam kwa siku 20. Andika ulinganisho huo waziwazi kwenye maelezo ya bajeti, kwa sababu mpitiaji hatakuhesabia.

Mambo madogo yanayovuruga bajeti nzuri yanajirudia kila mwaka. Profoma (hati ya bei ya muuzaji kabla ya kununua) isiyo na VAT: kifaa cha milioni 6 kikiongezwa asilimia 18 ni 7,080,000, na zile 1,080,000 hazina fungu. Kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa zinazouzwa kwa taasisi za Serikali na asilimia 5 kwa huduma, hukatwa kwenye malipo ya muuzaji; haiongezi gharama, ila fundi wa wilayani ambaye hakuambiwa mapema atakuja ofisini kwako akidai umemdhulumu. Mishahara ya watumishi wa umma isiingizwe, Hazina inawalipa tayari. Gharama za usimamizi wa taasisi zina kiwango chake kwenye kila wito, na ukizidisha, bajeti nzima inarudishwa. Kompyuta mpakato tatu kwa mradi wa watafiti wawili haihitaji maelezo.

Kingine ni kwamba fedha zikishaingia ni fedha za umma, na ununuzi wake unafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 kupitia mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa Serikali, NeST. Kitu kisichokuwa kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka wa taasisi hakinunuliki kwa haraka, hata kama fedha yake ipo. Siku mkataba unaposainiwa, peleka orodha kwenye kitengo cha ununuzi ikiwa na vipimo kamili: "mizani ya dijitali, uwezo wa kilo 30, usahihi wa gramu 5", si "mizani nzuri". Kemikali za maabara zinazoagizwa nje huchukua miezi, na zikifika zikiwa zimebakiza muda mfupi wa kutumika ni hasara yako. Sharti la muda wa kuisha matumizi liandikwe kwenye oda.

Vibali havipatikani kwa siku mbili. Utafiti wa afya ya binadamu unahitaji kibali cha maadili. Cha taifa hutolewa NIMR, na zipo kamati za taasisi kama zile za Ifakara, Mbeya, Moshi na Mwanza. Kamati hukaa kwa tarehe maalumu, hivyo ulizia tarehe hizo leo, hata kama hakuna wito. Utafiti ndani ya hifadhi hupitia TAWIRI pia. Mshiriki kutoka nje ya nchi lazima awe na kibali cha COSTECH na mwenza Mtanzania. Kwa wafanyakazi na wanafunzi wa vyuo vikuu, barua ya utambulisho hutolewa na Makamu Mkuu wa Chuo kwa mamlaka ya waraka wa Serikali wenye kumbukumbu Na. MPEC/R/10/1 wa tarehe 4 Julai 1980, ule ambao kila mhadhiri ameuona kwenye barua yake bila kuusoma. Barua hiyo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa Mtendaji wa Kata na wa Kijiji. Anayeruka ngazi akaanzia kijijini husimamishwa siku ya pili na mtendaji aliyepigiwa simu kutoka wilayani, na posho za wadadisi zinaendelea kuhesabiwa. Weka siku 10 za kazi kwa msururu huo. Zanzibar ina utaratibu wake, usidhani barua ya Bara inatosha. Na kama dodoso lako linachukua majina, namba za simu au taarifa za afya, eleza utakavyozilinda, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu watafiti pia.

Kuhusu kutuma: fungua akaunti kwenye mfumo wa maombi siku ya kwanza ya wito ujue unaulizwa nini. Visanduku vingine vina kikomo cha maneno, na muhtasari wa maneno 500 haukatwi hadi 250 saa tano usiku bila kupoteza swali lenyewe. Barua ya afisa masuuli iombwe wiki mbili kabla, kwa sababu yeye yuko Dodoma kwenye kikao na anayekaimu hasaini bila kuuliza. Wasifu wa kila mtafiti uwe kurasa 2, wenye kazi zinazohusiana na mada tu. Tuma siku tatu kabla ya mwisho. Mtandao wa kituo kilicho kilomita 20 nje ya mji huwa mzuri siku zote isipokuwa siku ya mwisho, na umeme nao vivyo hivyo.

Ukipata fedha, zitakuja kwa awamu. Awamu ya pili hufuata taarifa ya kazi na taarifa ya fedha, na inayochelewa ni hii ya fedha. Sababu ni masurufu, yaani fedha za safari zilizotolewa mapema, yasiyorejeshwa kwa hesabu. Mtafiti amerudi safari na risiti za mkono kutoka gulio la kijijini, mhasibu anataka za mashine. Kubalianeni kabla ya safari ni malipo gani yatafanyika kwa orodha ya majina yenye tarehe, kazi, kiasi, na saini au dole gumba, ikithibitishwa na mtendaji wa kijiji. Nunua mafuta, mifuko na shajara mjini ambako risiti ya mashine ipo. Rejesha masurufu wiki hiyohiyo uliyorudi. Hazina ikifunga vitabu Juni 30 na salio lako halina maelezo, msimu ujao utaupanga kwa fedha za mfukoni.

Sasa lile lalamiko. Mwaka 2006 nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kulenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Kenya iliandika asilimia 2 kwenye sheria yake ya mwaka 2013, na watafiti wao bado wanalalamika kama sisi, kwa hiyo kuandika kwenye sheria peke yake hakujazi mfuko. Ndani ya kiasi kidogo kilichopo, zipo hatua ambazo hazihitaji shilingi ya ziada. Miito ya kilimo itolewe mapema kiasi kwamba mikataba isainiwe kabla ya Oktoba. Muda wa kuandika usipungue siku 60. Kila andiko lililokataliwa lirudi na maoni ya wapitiaji, maana mtafiti wa Maruku aliyekataliwa mara tatu bila kuelezwa sababu atapeleka andiko lilelile mara ya nne. Kanda ziwe na siku ya mafunzo ya kuandika, ifanyike wakati hakuna wito, pale Ukiriguru, Uyole au Naliendele, na wahasibu na maofisa ununuzi wa vituo waalikwe pamoja na watafiti. Wao ndio watakaoamua kama mbegu itafika Novemba.

Nawe Mhariri, nina ombi. Gazeti lako hufika mahali ambako ukurasa wa Tume haufunguki. Zabuni ya kuzoa taka sokoni hupata robo ukurasa, lakini wito wa utafiti wa kilimo au wa afya haupati hata mistari mitano. Mistari hiyo mitano, yenye mada, kiwango cha juu, anayestahili kuomba, tarehe ya mwisho na mahali pa kutuma, ingetosha kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila kituo siku hiyohiyo.

Wako,
Mpitiaji wa maandiko ya utafiti,
Morogoro